Mto Mmoja, Miji Miwili

Siku moja, katika somo la sayansi, nilileta darasani kopo kubwa lililotobolewa chini. Nikaweka ndani yake changarawe, juu ya changarawe nikaweka mchanga uliooshwa vizuri, kisha nikamimina maji ya mtoni yenye rangi ya chai ya maziwa. Baada ya muda mfupi maji yakaanza kudondoka katika bilauri iliyokuwa chini, nayo yalikuwa maangavu kama maji ya kisima kirefu. Darasa zima likashangilia. Mwanafunzi mmoja, sijui kwa kiu au kwa ujasiri, akanyosha mkono aichukue bilauri anywe. Nilimzuia kwa haraka isiyo desturi yangu, naye akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa maneno mawili: "Mwalimu, kama maji haya hayafai kunywewa, basi kichujio kina kazi gani?"

Jibu la swali lile ni refu, na sehemu yake kubwa iliandikwa katika Ujerumani, mwaka wa 1892, kwa vifo vya watu maelfu.

Kando ya mto Elbe, unaoingia katika Bahari ya Kaskazini, palikuwa na miji miwili iliyogusana. Mmoja ni Hamburg, bandari kubwa kupita zote katika Ujerumani, yenye watu wapatao laki sita. Wa pili ni Altona, wenye watu kama laki moja na nusu. Mgeni aliyetembea kwa miguu hakuweza kujua ametoka mji gani na kuingia upi, kwa maana nyumba zilifuatana bila ya pengo, na barabara moja, iitwayo Schulterblatt, ilikuwa na mpaka wa miji hiyo miwili. Hewa yao ilikuwa moja, udongo wao mmoja, na masoko yao yalichangamana. Lakini serikali zao zilikuwa mbalimbali. Altona ilikuwa chini ya ufalme wa Prusia, na Hamburg ilikuwa mji uliojitawala wenyewe katika dola ya Ujerumani, ukiongozwa na Seneti yake na baraza lake la raia, ambamo matajiri wa biashara na wenye majumba ya kupangisha walikuwa na sauti kubwa.

Miji yote miwili ilikunywa maji ya mto Elbe. Hamburg iliyateka juu ya mji, mahali paitwapo Rothenburgsort. Mitambo yake ilijengwa na mhandisi Mwingereza, William Lindley, baada ya moto mkubwa ulioteketeza sehemu kubwa ya mji mwaka wa 1842, na tangu mwaka wa 1848 maji yalikuwa yakipita katika mabomba mpaka majumbani. Ilikuwa kazi ya fahari kwa zama zile. Maji yaliachwa yatulie kwa muda katika mabwawa ili tope lishuke chini, kisha yakasukumwa mjini. Hayakuchujwa.

Altona ilikuwa na bahati mbaya ya kukaa upande wa chini wa mto. Mahali pake pa kutekea, Blankenese, palikuwa mbele ya mifereji yote iliyomwaga uchafu wa vyoo vya Hamburg na vya Altona yenyewe. Yaani maji yaliyofika hapo yalikuwa yamekwisha pokea kinyesi cha watu zaidi ya laki saba. Hapana mtu aliyeweza kuyatazama maji yale akasema yanywewe hivyo yalivyo. Kwa hiyo tangu mwaka wa 1859 Altona iliyapandisha kilimani, ikayapitisha polepole katika mabwawa yaliyojazwa mchanga. Wasomaji wasidhani kwamba watu wa Altona walikuwa na hekima kuliko jirani zao. Wakati ule karibu hakuna aliyevijua vijidudu vya kipindupindu kuwa ndivyo viletavyo maradhi. Altona ilichuja kwa sababu uchafu wa jirani yake ulionekana kwa macho, na Hamburg haikuchuja kwa sababu maji yake yalionekana si mabaya sana.

Nasema si mabaya sana, ingawa kwa kweli yalikuwa na mambo yake. Katika miaka ya themanini ya karne ile mtaalamu wa wanyama, Karl Kraepelin, aliyachunguza mabomba ya Hamburg akakuta yamekuwa makao ya viumbe wa aina nyingi sana: konokono, minyoo, wadudu wa majini, hata mikunga. Wenyeji walizoea kuvikuta viumbe hivi katika mifereji ya jikoni mwao.

Je, Hamburg haikujua kwamba mchanga huchuja? Ilijua sana. Elimu yenyewe haikuwa mpya. Katika mji wa Paisley, huko Scotland, mtu mmoja mwenye kiwanda cha nguo, John Gibb, alichuja maji kwa mchanga tangu mwaka wa 1804, akayauza yaliyozidi kwa wenyeji. Katika London, mhandisi James Simpson alijenga kichujio kikubwa cha mchanga mwaka wa 1829, na mwaka wa 1852 Bunge la Uingereza lilitoa sheria ya kuyalazimisha makampuni ya maji ya mji ule kuchuja maji ya mto. Lindley mwenyewe aliishauri Hamburg ijenge vichujio. Kipindupindu kiliingia mjini mwaka wa 1831, kikarudi mwaka wa 1848, mwaka wa 1866 na mwaka wa 1873, na bado shauri lile lilizungushwa kutoka meza hadi meza. Wenye majumba hawakutaka kodi kuongezwa. Wengine walitaka kwanza kila nyumba iwekewe mita ya kupimia maji, wengine wakaikataa mita. Mwaka wa 1890 baraza likakubali hatimaye, na mwaka uliofuata kazi ikaanza katika kisiwa cha Kaltehofe. Ilitazamiwa kumalizika mwaka wa 1894. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hamburg ilikuwa imeanza kuuziba ufa, lakini kwa kuchelewa mno.

Palikuwa na kisingizio kingine, na hiki kilivaa joho la elimu. Mtaalamu mashuhuri wa mji wa Munich, Max von Pettenkofer, alifundisha kwamba kipindupindu hakienezwi na maji ya kunywa, bali hutokana na hali ya ardhi iliyochafuka, yenye unyevu. Upande wa pili alikuwako Robert Koch, aliyefanya uchunguzi Misri na India katika miaka ya 1883 na 1884, akamtambua kwa hadubini mdudu wa kipindupindu, aliyepindika kama alama ya mkato, akamkuta pia katika bwawa la maji walilotumia watu huko Calcutta. (Koch huyu ndiye aliyekuja baadaye Afrika Mashariki, akakaa katika visiwa vya Sese, katika Ziwa Victoria, miaka ya 1906 na 1907, akiuchunguza ugonjwa wa malale.) Wakubwa wengi wa Hamburg walipendezewa zaidi na mafundisho ya Pettenkofer. Siwezi kuingia katika mioyo yao, lakini elimu isiyomdai mtu fedha hupata wafuasi upesi.

Kiangazi cha mwaka wa 1892 kilikuwa na joto kali, na maji ya mto yalipungua. Kipindupindu kilikuwa kimeenea Urusi, na kupitia bandari ya Hamburg walipita wahamiaji wengi kutoka Urusi wakielekea Marekani. Katikati ya mwezi wa Agosti watu wa kwanza wakaugua mjini. Sasa wasomaji wa pwani watanielewa upesi kuliko wengine. Mto Elbe, ijapokuwa bahari iko mbali, huongozwa na kujaa na kupwa. Bahari inapojaa, maji ya mto husukumwa kurudi nyuma. Kwa hiyo uchafu uliomwagwa bandarini, chini ya mahali pa kutekea, ulipandishwa na maji kujaa mpaka kwenye mdomo wa bomba la mji. Ule ulinzi wa kuteka juu ya mto, ambao Hamburg iliutegemea kwa miaka zaidi ya arobaini, ukawa si ulinzi. Yale mabomba ya fahari yakayafikisha maradhi kila mtaa, kwa tajiri na kwa maskini, katika siku chache.

Seneti ilisita siku kadhaa kutangaza habari, kwa maana bandari ikitangazwa kuwa na kipindupindu biashara yake hufungwa na mataifa mengine. Koch alipelekwa na serikali ya Berlin, akafika tarehe 24 Agosti. Aliyoyaona katika vichochoro vya maskini karibu na bandari yalimshtua mtu ambaye alikuwa amekwisha viona vifo vya Calcutta. Mwisho wa mwezi ule walikuwa wakiugua karibu watu elfu moja kila siku. Watu wakaamriwa kuchemsha maji, na maji yaliyochemshwa yakapitishwa mitaani kwa magari ya farasi. Ugonjwa ulipokwisha tulia, katika miezi ya mwisho ya mwaka, hesabu ilikuwa wagonjwa karibu elfu kumi na saba, na waliokufa wapatao 8,600.

Na Altona? Altona, iliyokunywa maji machafu zaidi ya mto ule ule, ilipoteza watu zaidi kidogo ya mia tatu, na wengi katika wagonjwa wake walikuwa watu waliokwenda Hamburg kwa kazi zao za kila siku. Hata ukizingatia kwamba Hamburg ilikuwa na watu mara nne zaidi, tofauti ni kubwa mno. Koch aliyafuata maradhi nyumba kwa nyumba mpakani. Mahali mpaka ulipopita barabarani, kipindupindu kilikwenda na upande wa Hamburg, kikauacha upande wa pili. Na palikuwa na jumba moja kubwa la wafanyakazi, lenye mamia ya watu, ambalo lilikuwa ndani ya ardhi ya Hamburg lakini, kwa sababu ya namna lilivyojengwa, lilipata maji yake kutoka bomba la Altona. Majirani wake walikufa. Ndani yake hakuugua mtu hata mmoja. Hewa ilikuwa ile ile, na udongo ule ule wa Pettenkofer. Kilichotofautiana ni bomba. Koch alisema kwamba hili lilikuwa kama jaribio la maabara lililojifanya lenyewe juu ya watu zaidi ya laki moja.

Pettenkofer hakukubali. Tarehe 7 Oktoba 1892, akiwa na miaka zaidi ya sabini, mzee yule aliagiza vijidudu vya kipindupindu, akavikoroga katika maji, akanywa mbele ya mashahidi. Alipatwa na kuharisha kidogo, akapona. Namsifu kwa ushujaa wake, ila jaribio la mtu mmoja halikuweza kushindana na lile la miji miwili.

Sasa turudi kwenye kopo langu. Vijidudu vya kipindupindu ni vidogo hata mia tano kati yao, vikipangwa mstari mmoja, vitaenea katika milimita moja. Nafasi zilizoko kati ya punje za mchanga ni kubwa kwao kama mlango wa msikiti ulivyo kwa sisimizi. Basi mchanga unawezaje kuwazuia? Mtu akiufikiri mchanga kuwa ni chekecheo tu, hatalijibu swali hili kamwe. Chekecheo hushika kipande cha jani na punje ya tope, na ndiyo maana maji ya kopo langu yaling'aa. Vijidudu vilipita kama vilivyokuja.

Kichujio cha Altona kilikuwa na kitu ambacho kopo langu halikuwa nacho, nacho ni umri. Maji ya mto yakipita polepole juu ya mchanga kwa siku nyingi bila kukatika, uso wa mchanga hufanya utando laini wenye utelezi. Utando huu ni hai. Ndani yake mna mimea midogo, bakteria wasio na madhara na viumbe vidogo mno ambavyo chakula chao ni bakteria wengine. Kijidudu cha maradhi kikifika hapo hunata katika utelezi, au huliwa, au hufa kwa kukosa riziki. Wachache wanaopenya huendelea kushuka katika kina cha mchanga, na huko nako kila punje imevikwa ngozi nyembamba ya uhai ule ule, nao hunata humo. Kwa njia hii kichujio kizuri huwapunguza vijidudu hata asibaki ila mmoja katika kila mia, na pengine pungufu ya hapo.

Kutokana na hayo zimekuja kanuni ambazo mtu asiyejua sababu zake huziona kama ushirikina wa wahandisi. Maji yapite polepole, kina chake kishuke si zaidi ya sentimita kumi kwa saa, maana yakiharakishwa huupasua utando na kuwabeba vijidudu. Kichujio kisikaushwe, kwa kuwa viumbe vyake vitakufa. Utando ukinenepa hata maji yasipite, uso wa mchanga hukwanguliwa kiasi cha sentimita moja au mbili. Na baada ya kukwangua, maji ya siku za kwanza hayapelekwi mjini, bali humwagwa, mpaka utando mpya uote. Hili la mwisho ndilo linaloudhi watu wengi. Kichujio kilichotoka kusafishwa leo, kinachopendeza macho, ndicho kibaya kuliko vyote. Kile chenye matope ya kijani juu yake, ambacho mgeni angetaka kukitapika, ndicho kilicholinda mji.

Altona nayo ilifundishwa jambo hili kwa uchungu. Majira ya baridi yalipofika, mwishoni mwa mwaka wa 1892, barafu ilishika mabwawa yake. Kichujio kikikwanguliwa katika baridi kali, uso wa mchanga uliganda kabla ya kurudishiwa maji, na utando haukuweza kuota kama desturi. Katika miezi ya Januari na Februari 1893 kipindupindu kikazuka Altona yenyewe, katika mji ule ule uliookoka Agosti. Wagonjwa hawakuwa wengi, walihesabiwa kwa makumi, lakini walitosha kumtia Koch mashaka. Aliyafuatilia maji kwa kuhesabu vijidudu, kichujio kimoja kimoja, akakiona kilichoharibika. Kabla ya hapo watu walipima maji yaliyokwisha changanywa kutoka vichujio vyote, na hivyo kimoja kibovu kilijificha kati ya wenzake wema. Tangu hapo Koch akashikilia kwamba kila kichujio kipimwe peke yake, kila siku, na maji yanayozidi vijidudu mia moja katika sentimita moja ya ujazo yasipewe watu. Kwa maoni yangu kazi hii ya hesabu, isiyo na shangwe, ni kubwa kuliko safari yake ya Hamburg iliyoandikwa na magazeti yote.

Hamburg haikungoja mwaka wa 1894. Kazi ya Kaltehofe iliendelea mchana na usiku, kwa taa, na mwezi wa Mei 1893 mji ukaanza kunywa maji yaliyochujwa. Fedha ambazo kwa miaka mingi hazikupatikana zilipatikana katika miezi tisa. Kipindupindu hakikurudi tena kwa mfano wa mwaka ule. Jambo ambalo hakuna aliyelitazamia lilionwa na mganga wa mji, Dk. Reincke: si vifo vya kipindupindu na homa ya matumbo tu vilivyopungua, hata vifo vya watoto wachanga na vya maradhi mengine vilishuka. Katika Marekani, mhandisi Hiram Mills aliona jambo lile lile baada ya mji wa Lawrence kujenga kichujio chake cha mchanga mwaka ule ule wa 1893. Maji mabaya yalikuwa yakiwadhoofisha watu ambao vifo vyao viliandikwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

Mchanga hauwezi kila kitu. Chumvi iliyoyeyuka ndani ya maji hupita pamoja na maji, na hapa kwetu wenyeji wa Bonde la Ufa hulijua hili kwa meno yao: floraidi nyingi ya visima vya pande za Nakuru huyatia meno madoa ya hudhurungi, na mchanga hauipunguzi. Huko wametumia vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa, kwa sababu mfupa huvuta floraidi kama jino linavyoivuta. Tena, tangu mwanzo wa karne ya ishirini miji mingi hutia klorini baada ya kuchuja, ili kuwaua vijidudu wachache walioponyoka. Klorini nayo hufanya kazi vizuri zaidi katika maji yaliyokwisha chujwa, kwa kuwa tope huwaficha vijidudu na kuila nguvu ya dawa.

Haya yote nilimweleza mwanafunzi wangu kwa vipindi viwili. Aliyasikiliza, akanyamaza, kisha akauliza kama anaweza kulijaribu. Tukatafuta pipa, tukaosha mchanga siku nzima, tukaweka chini changarawe, na kila asubuhi na jioni wavulana wa zamu walimimina ndoo ya maji ya mtoni, wakiangalia mchanga usikauke. Yaliyotoka tulimwagilia bustani. Katika wiki ya tatu ukaota juu ya mchanga utando wa rangi ya majani makavu, wenye harufu ya udongo wa mvua, na yule yule aliyetaka kunywa siku ya kwanza akausogelea, akautazama kwa muda mrefu bila kuugusa. Siku ile tuliyakinga maji katika sufuria, tukayachemsha, maana hatukuwa na hadubini ya kuhesabia, tukayaacha yapoe, tukanywa.